Unga wenye chapa na unga wa mashine

Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilipiga marufuku chapa tano za unga wa mahindi. Januari iliyofuata likaongeza nyingine 17. Sababu ilikuwa sumukuvu kupita kiwango. Majina yakatangazwa, pakiti zikaondolewa madukani, na kwa siku kadhaa mlaji wa mjini akawa anasoma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa.

Anayepeleka debe lake mashineni kusaga hakuguswa na tangazo hilo hata chembe. Unga wake hauna chapa, hauna nembo ya ubora, hauna tarehe ya mwisho wa matumizi. Hakuna cha kupiga marufuku.

Na ni unga wa namna hiyo uliowahi kuua watu wengi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua ini ghafla na 125 wakafariki. Hawakula kitu kilichotoka ng'ambo, bali mahindi yaliyolimwa humohumo, yakavunwa yakiwa na unyevu na kuhifadhiwa ndani ya nyumba. Wachunguzi walipochukua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kwenye masoko ya eneo hilo, zaidi ya nusu zilivuka kikomo cha wakati ule cha mikrogramu 20 kwa kilo. Asilimia 7 zilivuka mikrogramu 1,000.

Miaka 12 baadaye zamu ikawa ya Tanzania. Katikati ya 2016, vijijini Dodoma na Manyara, watu walianza kutapika, kuvimba tumbo na macho kugeuka ya manjano. Mwanzoni ulisemwa kuwa ugonjwa usiojulikana. Wagonjwa walihesabiwa 68, na 20 kati yao hawakupona. Kilichowaua kilikuwa kwenye ghala zao wenyewe.

Sumukuvu hutengenezwa na kuvu anayeishi udongoni, Aspergillus flavus. Mmea ukipigwa na ukame unakosa nguvu ya kumzuia. Mavuno yakinyeshewa au yakianikwa chini kwenye udongo, anastawi. Sumu yenyewe haina ladha wala harufu, na moto wa jikoni hauiondoi, hata ugali ukisongwa kwa saa nzima. Akili ya mkulima inayomwambia atupe punje zilizobadilika rangi inasaidia, ila haitoshi, kwa sababu punje yenye sura nzuri nayo yaweza kuwa imebeba.

Hapa kuna jambo ambalo maofisa wa lishe hawapendi kulisema kwa sauti. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, kwa hiyo mahindi machafu yakikobolewa, sembe hutoka na sumu pungufu kuliko dona. Mama aliyefundishwa kliniki kwamba dona ndiyo yenye virutubisho kwa mwanawe amefundishwa kweli, ilimradi mahindi ni safi. Yakiwa si safi, amempa mtoto sehemu iliyo mbaya zaidi. Pumba nazo hazipotei: zinaliwa na kuku na ng'ombe, na ng'ombe akishazila, sehemu ya sumu hurudi mezani ndani ya maziwa.

Sheria zipo, tena nzuri. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka mahindi yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, aina ya B1 isizidi 5, na unyevu usipite asilimia 13.5. Swali ni nani anavipima, na wapi.

Tanzania, mwaka 2019, ilihamisha usimamizi wa chakula kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, chini ya Wizara ya Afya, kwenda Shirika la Viwango, TBS, lililo chini ya wizara ya viwanda na biashara. Wafanyabiashara walikuwa wakilalamikia mamlaka nyingi zinazokagua kitu kimoja, na kilio chao kilikuwa na haki. Lakini shirika la viwango kwa asili yake huangalia bidhaa inayoingia sokoni. Gunia linalotoka shambani hadi jikoni bila kuuzwa si bidhaa ya mtu yeyote.

Kwenye mpaka nguvu huonekana zaidi. Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Malori yakakwama, mawaziri wakapigiana simu, na wiki haikuisha kabla ya zuio kugeuzwa kuwa masharti: waagizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti. Hoja ya afya ilikuwa ya kweli. Ila ukali ule haujawahi kuonekana kwa mahindi ya ndani yanayosagwa kijijini, na msomaji wa safu hii anajua kwamba shehena ya jirani haina mpiga kura wa kukasirika.

Kukagua kila debe haiwezekani; hilo likubaliwe. Sumu haisambai sawasawa ndani ya gunia, na kipimo cha konzi moja chaweza kusema salama huku sumu iko upande wa pili. Tena mkulima hana sababu ya kuomba kupimiwa. Majibu yakiwa mabaya anapoteza chakula cha mwaka, bila fidia. Atanyamaza, au atayauza kwa anayechanganya chakula cha kuku.

Ndiyo maana uangalizi wa maana unaanza kwenye unyevu, kabla sumu haijaingia. Kipimo cha unyevu kinashikika mkononi na kinatoa jibu papo hapo. Kikiwekwa kwenye kila mashine ya kusaga, chini ya afisa ugani au afisa afya wa kata, mwenye debe atajua leo kama arudi kuanika. Turubai na mifuko isiyopitisha hewa vingefuata. Kenya ilinunua mashine 100 za kuhamishika za kukaushia nafaka mwaka 2023, hatua iliyostahili pongezi kuliko marufuku zote mbili za unga. Mpango huo ulimfaa zaidi mwenye lori la kupeleka mahindi kwenye vituo zilikowekwa. Mwenye magunia matatu bado anatazama mawingu, na bajeti za kaunti na halmashauri ndizo za kuulizwa zimemtengea nini msimu huu.