Aliyemwangusha si Bayolojia

Mama mmoja jirani yangu alinijia juzi akiwa ameshika tama. Bintiye, aliyekwenda kwa mjomba wake Minnesota akitaka kusomea uuguzi, alikuwa amekosa nafasi chuoni baada ya mtihani wa kuingilia. "Na huyu alipata A- ya Bayolojia katika KCSE!" akalia. "Sasa mdogo wake naye anataka kumfuata. Nimzuie?"

Nilimwambia asimzuie, ila kwanza wajue kilichomwangusha mkubwa.

Vyuo vingi vya uuguzi nchini Marekani humtaka mwombaji afanye mtihani uitwao TEAS. Una maswali 170 ya kusoma na kufahamu, hesabu, sayansi na Kiingereza, yote kwa dakika 209. Hakuna alama moja ya kupita. Kila chuo hujiwekea yake, na penye nafasi chache huchukuliwa waliotangulia. Kwa hivyo mtoto aweza kufanya vyema na bado akaachwa nje.

Binti yule aliijua mioyo na mapafu yake barabara. Saa ndiyo iliyomshinda. Sehemu ya Kiingereza ina maswali 37 na dakika 37, yaani swali moja kwa dakika moja, naye alikuwa akisoma kila swali mara mbili kama walimu wetu tulivyofundishwa nao. Muda ulipokwisha aliacha maswali mengi wazi. Laiti angalijua kwamba jibu lisilo sahihi halipunguzi alama! Heri kubahatisha kuliko kuacha pengo.

Kisha kuna vipimo. Mtoto aliyekua akitumwa dukani kununua kilo mbili za unga anaulizwa habari za ratili, wakia na inchi. Lazima ajue bila kufikiri kwamba kilo moja ni kama ratili 2.2, na inchi moja ni sentimita 2.54. Kikokotoo atapewa kwenye kompyuta, cha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Asibebe chake.

Basi huyo mdogo, kabla hajafungua kitabu chochote, na afanye mtihani mzima wa mazoezi akiwa na saa mezani. Hapo ataona penye udhaifu wake, na huko ndiko apeleke majuma yake, wala si kwenye somo analolipenda. Katika sayansi, maswali 18 kati ya 44 yanayohesabiwa yahusu mwili wa binadamu. Hapo asifanye mchezo. Na aulize chuo mapema kinataka alama gani, na anayerudia hungoja muda gani, kwa maana kila kimoja kina masharti yake.

Jambo jingine nililomnong'oneza mama. Vijana wetu wengi huko hufanya kazi za usiku za kutunza wazee ili walipe kodi ya nyumba. Binti yule alitoka zamu asubuhi akaenda moja kwa moja kwenye mtihani. Nyumbani hapa tulikuwa tukimpigia simu kila Jumapili kumwuliza ataanza chuo lini!

Mama alinyamaza kidogo. Alipoinuka kwenda zake nilimsikia mlangoni akihesabu kwa vidole mfuko wa unga ni ratili ngapi.