Bosi wa dhahabu na kisu kipya: wote wamesifia mlio, nani kasema hakina loki?

Wadau, kama mko kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kahama, Katoro au Geita mjini, ile klipu ya bosi na kisu lazima imeshawafikia. Kwa ambao wamepitwa, stori iko hivi.

Kuna mnunuzi wa dhahabu pale Kahama, jina kapuni, ambaye mji unamjua kwa kitu kimoja: visu. Wenzake wakipata hela wanaongeza ng'ombe au wanapandisha fremu za maduka, yeye anaagiza kisu. Anavyo vya mpini wa pembe, vya mbao, vya mfupa, vya ala na vya kukunja. Waliofika kwake wanasema kabati lake lina visu kuliko bucha.

Safari hii umeingia mzigo mpya. Kisu kidogo cha mfukoni, cha kukunja, bapa moja, mpini wa mfupa wa rangi ya kahawia, kwenye boksi lenye kitambaa ndani. Bei yake unanunua simu ndogo mpya na chenji inabaki. Bosi akaita washikaji watatu wenye ugonjwa kama wake, wakakaa mezani, wakakifungua mbele ya kamera na kila mtu akatoa maoni yake ya kwanza. Klipu ikatembea kinoma.

Sasa tuongee ukweli. Yale maoni yalikuwa matamu, lakini jambo moja ambalo mnunuzi alitakiwa kuambiwa kabla ya yote halikusemwa na hata mmoja wao. Na kuna mtu limeshamgharimu.

Walichosema

Tusiwaonee, jamaa wanajua vitu vyao.

Dereva wa malori anayepiga njia ya Isaka hadi Rusumo alikuwa wa kwanza kukishika. Akakiweka kwenye kiganja, akasema kina uzito wa kutosha bila kuvuta mfuko. Akakifunga, akapitisha kidole juu ya mgongo, akasema ncha imelala vizuri ndani ya mpini, haitoboi suruali. Hiyo ni pointi kubwa. Kisu cha mfukoni ambacho ncha yake inachungulia hata kidogo ni adui wa mifuko na wa vidole.

Mwenye duka la simu akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, anatafuta upenyo kati ya bapa na springi. Hakuuona. Akashika bapa akalitikisa kushoto na kulia, halikucheza. Fundi akikaza msumari wa kiungo ovyo, bapa linacheza tangu siku ya kwanza, na siku zinavyokwenda linazidi kulegea.

Wa tatu, kijana wa Geita anayerusha klipu za saa na viatu, yeye kilichomuua ni mlio. Ukiweka ukucha kwenye kile kimfereji cha bapa na kuvuta, kisu kinapiga "ta!" kikifika nusu, kisha "ta!" ya pili kikifunguka chote. Akakifungua na kukifunga zaidi ya mara kumi. "Sikia hiyo," anasema. "Sikia tena." Hiyo "sikia tena" ndiyo watu wameifanya statasi.

Bosi mwenyewe akafunga kazi kwa kusema hicho ndicho kisu ambacho kila mwanaume wa machimbo anatakiwa kuwa nacho.

Hapo ndipo lilipo tatizo.

Ambacho hakikusemwa

Kisu kile hakina loki. Ndani ya mpini kuna springi ya chuma inayokandamiza kitako cha bapa. Ukikifungua, springi inalishikilia bapa libaki wazi. Lakini inalishikilia tu, haijalifunga. Ukilisukuma kwa nguvu ya kutosha kutoka upande wa mgongo, linarudi ndani. Na vidole viko wapi muda huo? Viko kwenye njia yake.

Hii siyo kasoro ya kiwanda. Hivi visu vina heshima yao duniani. Kisu cha maofisa wa jeshi la Uswisi, ambacho Karl Elsener alikisajili mwaka 1897, kinatumia springi ya aina hiyohiyo, na mpaka leo visu vingi vya Victorinox vya saizi ya mfukoni havina loki kwenye bapa. Uingereza ndiyo kabisa, sheria yao inamruhusu mtu kutembea na kisu cha kukunja bila kuulizwa sababu, mradi bapa lisizidi inchi 3 na kisiwe na loki. Kwao, kukosa loki ndiko kunakofanya kisu kionekane ni chombo cha kazi ndogondogo, siyo silaha.

Kazi ndogondogo. Shikeni hilo neno.

Ukikata kitu kwa kukandamiza makali, nguvu inalibana bapa libaki wazi. Muwa, embe, kamba, nyama ya kuchoma, vyote hivyo freshi. Ila ukichoma kwa ncha, au bapa likikwama halafu ukalizungusha na kulivuta, nguvu inageuka. Hapo springi inabaki peke yake kupambana na mkono wako, na mkono wa mtu anayebeba mawe una nguvu kuliko springi.

Kwa nini huku kwetu ni hatari zaidi

Mtu wa huku akisikia kisu cha kukunja, kichwani ana picha tofauti. Wazee waliowahi kushika Okapi wanajua kile chenye pete mgongoni. Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Wajerumani Afrika, kipindi ambacho nchi hii nayo ilikuwa chini yao. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ukikifungua kinalia krr-krr na kukaza, na hakifungi mpaka uvute pete. Hata vile vya Kichina wanavyouza machinga stendi, vingi vina kibati ndani kinachoruka na kushika bapa.

Yaani mtu wa hapa mkono wake umezoea kwamba kisu kikishafunguka, kimefunguka. Hakuna aliyemfundisha kumuogopa mgongo wa kisu. Sasa anakuja bosi mwenye jina, anamwambia hiki ndicho kisu cha mwanaume wa machimbo, halafu neno "loki" halitajwi popote.

Na machimboni siyo sehemu ya kumenya maembe. Kule kisu kinachoma kiroba cha mawe, kinachokonoa, kinakwangua tope lililoganda, kinakata kamba iliyojaa mchanga. Hizo karibu zote ni kazi za kuchoma na kuzungusha.

Kilichotokea ndicho hicho. Bosi ana mpwa, mtoto wa dada yake, anayefanya kazi kwenye duara moja upande wa Geita. Baada ya klipu kutembea, kijana akamwomba mjomba na mjomba akampa cha pili kama hicho. Siku chache mbele alichoma kiroba, bapa likanasa kwenye nyuzi, akalizungusha ili alitoe. Kisu kikajifunga na kidole cha shahada kikiwa katikati. Kimeshonwa na hakijakatika, Mungu mkubwa. Lakini mkono uliofungwa bandeji haubebi kiroba. Na kwenye duara, asiyeshuka hana mgao. Wenzake waligawana mawe, yeye yuko nyumbani anahesabu siku.

Klipu bado iko hewani. Watu wanaendelea kuandika "bosi weka namba ya kuagizia".

"Mtu mzima anajua kisu"

Wapo watakaosema yule kijana ni mzembe, kisu ni kisu, kila mtu anajua kinakata. Hoja hiyo ni nyepesi. Kila mtu anajua makali yanakata. Siyo kila mtu anajua kwamba kisu hiki kinaweza kujifunga chenyewe na kile cha juzi hakiwezi, wakati kwa macho vinafanana. Hiyo ni taarifa, na waliokuwa nayo ni wale wanne mezani. Wanavyo visu vya kila aina kabatini. Walijua.

Wengine watasema yale yalikuwa maoni ya kwanza tu, watu walikuwa wanafurahi. Sawa. Lakini kukosa loki ni jambo unaloliona dakika ya kwanza, kabla hata ya mlio. Halihitaji mwezi wa majaribio. Dereva aliona ncha, mwenye simu aliona upenyo, kijana wa Geita alisikia "ta!". Hakuna aliyekandamiza mgongo wa bapa taratibu, vidole vikiwa pembeni, akasema: jamani, hiki kinarudi.

Hawakusema kwa sababu kingeharibu shangwe. Ukweli ndiyo huo. Mlio unaleta vyuwazi, tahadhari hailipi. Ila mtu akishakuwa na jina, maneno yake yanaingia kwenye mifuko ya watu. Mkubwa akisema "kila mwanaume wa machimbo awe nacho", wapo watakaokinunua kwa kubana chakula.

Maoni ya kwanza yanayomsaidia mnunuzi

Kusifia siyo kosa, kile kisu ni kizuri kweli. Ila kisifiwe kwa kazi yake. Mpelekee mama wa Kisukuma anayekata viazi vya michembe, ambaye anapiga vipande vyembamba ndoo nzima bila kupumzika. Bapa jembamba kama lile linateleza kwenye kiazi kuliko kisu kinene cha loki, na mkono hauchoki haraka. Mpe muuza mananasi amenye mawili matatu. Akate, akifute, na kama bapa ni la chuma kinachoshika kutu, uone asidi ya nanasi inavyoacha doa ndani ya muda mfupi. Hayo yangesemwa, watu wangenunua wakijua wanachonunua.

Halafu kuna vumbi. Lile jekundu la Kahama na lile la karashani linaingia kwenye kiungo cha springi, na ile "ta!" inageuka "kwii". Tone moja la mafuta ya cherehani na kitambaa kikavu vinatosha, lakini aseme mtu. Na usikipeleke kwa mnoaji wa baiskeli akakibananisha kwenye gurudumu linalorusha cheche. Bapa jembamba linapata moto haraka, na chuma kikiungua hakishiki tena makali. Jiwe la kunolea, maji, na subira.

Bosi hajaombwa kufuta klipu. Hela ya kumtibu mpwa wake ameitoa, hilo waliomuona hospitali wanalisema na apewe heshima yake. Kilichobaki ni sentensi moja, aiweke pale juu kabisa ambapo kila anayefungua ataiona: kisu hiki hakina loki, ni cha matunda na kamba, usichome nacho, usishuke nacho duarani. Haimpunguzii ubosi wala haiondoi mlio. Na kijana wa Nyarugusu, Masumbwe au Runzewe anayebana hela ya kula ili akiagize, ataamua akiwa na picha kamili.

Mpaka jana usiku sentensi hiyo ilikuwa haijawekwa.

Nyie mnaonaje wadau? Mwenye jina akisifia kitu, mzigo wa kusema na ubaya wake ni wake, au kila mtu abebe wake? Tiririka hapo chini, matusi hapana.