Kocha akitimuliwa katikati ya msimu, timu anaachiwa nani?

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Bagamoyo, kabla hujafika Mapinga unapita Bunju, ulipo uwanja wa mazoezi wa Simba, Mo Simba Arena. Kati ya Septemba 2022 na Aprili 2024 kikosi hicho kilipita mikononi mwa Zoran Maki, Juma Mgunda, Robertinho, Abdelhak Benchikha, kisha Mgunda tena. Si wote waliofukuzwa. Zoran alikwenda Misri, Benchikha alitaja sababu za kifamilia. Lakini Robertinho, kibarua chake kiliota nyasi kwa mchezo mmoja: Novemba 5, 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1, na siku mbili baadaye klabu ikatangaza kuachana naye. Kabla ya hapo ilikuwa haijapoteza mchezo wa ligi msimu ule.

Mwaka mmoja baadaye yakawakuta watani. Yanga ya Miguel Gamondi ilianza msimu wa 2024/25 kwa kushinda michezo minane ya ligi bila kuruhusu bao. Ikafungwa na Azam 1-0, ikafungwa na Tabora United 3-1, na katikati ya Novemba Gamondi akaondoka. Akaja Sead Ramovic, ambaye Februari 2025 alikwenda Algeria, kisha Miloud Hamdi. Ubingwa ulibaki Jangwani. Makocha watatu, ubingwa mmoja wa ligi.

Kwa hiyo kufukuza kunasaidia? Shabiki wa Yanga atakuonyesha kombe. Sisi tunaona kombe hilo linaeleza zaidi ubora wa kikosi kuliko uamuzi wa Novemba.

Wachumi wawili wa Uholanzi, Jan van Ours na Martin van Tuijl, walichapisha mwaka 2016 utafiti wao kuhusu misimu 14 ya ligi kuu ya nchi yao. Waligundua kuwa timu iliyomtimua kocha katikati ya msimu huwa inapata nafuu, ila timu iliyopitia matokeo mabaya kama hayo ikabaki na kocha wake nayo hupata nafuu inayofanana. Kocha hufukuzwa timu ikiwa imefika chini kabisa, na kutoka hapo njia ya kawaida ni kupanda. Anayeingia ndiye anayepigiwa makofi.

Isemwe pia kwamba yapo mabadiliko yanayozaa matunda. Coastal Union ya Tanga iliachana na Mwinyi Zahera mwaka 2023, ikamchukua Mkenya David Ouma, na Wagosi wa Kaya wakamaliza msimu wakiwa nafasi ya nne. Msimu uliofuata ulipoanza, wakatolewa na Bravos do Maquis ya Angola kwenye Kombe la Shirikisho. Ouma naye akaondolewa.

Gharama ya fedha inajulikana: mkataba ukivunjwa, kocha ana haki ya kudai, na asipolipwa FIFA inaweza kuizuia klabu kusajili wachezaji. Gharama nyingine haizungumzwi sana, na inawaangukia makocha wazawa.

Mgunda, mchezaji na kocha wa zamani wa Coastal, aliitwa Simba Septemba 2022 Zoran alipoondoka ghafla. Akaifunga Nyasa Big Bullets nje na ndani, akaifunga Primeiro de Agosto Luanda 3-1, akaiingiza timu makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari 2023 akasogezwa pembeni kumpisha Robertinho. Aprili 2024 Benchikha alipoaga, simu ikapigwa tena kwa Mgunda, safari hii akiwa Simba Queens. Msimu ulipoisha, klabu ikatafuta mgeni mwingine. Mtu anayeaminiwa kuzima moto mara mbili haaminiwi kuanza msimu hata mara moja, wala kuchagua wachezaji wake. (Mgeni naye hapewi muda mrefu, lakini angalau hupewa dirisha la usajili.)

Taifa Stars nayo imepita njia hiyo. Hemed Suleiman 'Morocco' alipewa timu Januari 2024, katikati ya fainali za AFCON, baada ya Adel Amrouche kusimamishwa. Akaifikisha AFCON ya 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa. Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali hizo, TFF ikamweka Gamondi yuleyule aliyetimuliwa Yanga. Stars ikatoka sare na Uganda na Tunisia, ikafika 16 bora kwa mara ya kwanza, kisha ikatolewa na Morocco 1-0.

TFF wanaweza kusema walipatia, na matokeo yatawaunga mkono. Ila tiketi ya safari ile ilikatwa na kocha mwingine, na siku timu inashuka uwanjani hakuwa kwenye benchi.