Wakata Miti Wanajuana, Sisi Je?

Neno "kujuana" limeharibiwa jina. Tukilisikia, fikra zetu humwendea kijana aliyepewa kazi kwa sababu ya mjomba wake. Leo napenda kulitetea, kwani nimeanza kuamini kwamba miti adimu ya West Nile haimalizwi na upungufu wa sheria. Inamalizwa kwa kuwa wale wanaostahili kuilinda hawajuani.

Tuutazame mti mmoja. Wataalamu huuita Afzelia africana. Waacholi huuita beyo, na watu wa Adjumani huuita meli (mwanafunzi wangu mmoja aliuliza kama unaelea juu ya Naili). Ndugu yake wa upande wa pwani ndiye mkongo, au mbambakofi, ambaye mafundi wa Lamu walimchonga milango. Mbegu yake ni nyeusi, yenye kikofia cha rangi ya chungwa. Aliyeiona mara moja haisahau. Mbao zake ni ngumu na zinadumu, na uimara huo ndio unaouponza.

Mti huu, pamoja na ule wa shea, umo katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini. Mwaka 2022, katika mkutano wa CITES uliofanyika Panama, magogo na mbao za Afzelia za Afrika ziliwekewa masharti ya vibali katika biashara ya kimataifa. Mwezi Mei 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa nchi, West Nile ikiwamo. Katiba yetu ya 1995 nayo inampa kila raia wajibu wa kulinda mazingira. Karatasi, basi, hazikosekani.

Sasa lisimamishe lori barabarani usiku. Askari anaona mbao, haoni mti; majani, magome na mbegu vimebaki porini. Anayeweza kuitambua mbao hiyo kwa kuipiga randa mara moja ni seremala wa mjini Arua, lakini askari hana namba yake ya simu. Mama anayeokota kokwa za shea anajua ni mti upi ulioangushwa jana, ila hajapata kuonana na afisa misitu wa wilaya. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Muni hamjui mama huyo wala seremala. Kwa upande wa pili, mwenye msumeno anamjua dereva, dereva anamjua mnunuzi, na simu zao haziishiwi salio. Wao wana mtandao; sisi tuna warsha.

Mti wa shea hukaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Ukikatwa leo na mwingine ukapandwa kesho, mtoto aliyezaliwa mwaka huu atakuwa mtu mzima ndipo aonje mafuta yake.

Wenzetu wa Adjumani wametangulia. Kikundi cha Friends of Zoka kimesimama kuutetea msitu wa Zoka dhidi ya wakataji, na mwaka 2019 kiongozi wake, William Amanzuru, alipewa tuzo ya Umoja wa Ulaya ya watetezi wa haki za binadamu nchini Uganda. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na watu.

Hapa Koboko, panapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini, kuna jambo jingine. Sokoni utasikia Kikakwa, Kilugbara, Lingala na Kiarabu cha Juba, lakini wafanyabiashara wasioelewana hukimbilia Kiswahili. Baraza la Mawaziri lilikubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mpaka sasa naona kinawatumikia wauza mbao kuliko maafisa wa misitu. Afisa wa Koboko na mwenzake wa Aru, ng'ambo ya mpaka, wangeweza kuulizana kuhusu lori moja kwa lugha hiyo hiyo, bila mkalimani.

Mtasema mwalimu wa lugha ameingilia shamba lisilo lake. Huenda. Hata hivyo muhula ujao nitamwalika seremala mmoja aje darasani na vipande vya mbao mfukoni, nimwombe afisa misitu aketi dawati la mbele, na nyinyi mtaandika majina ya miti kwa kila lugha mnayozungumza nyumbani. Kabla hawajaondoka, watapeana namba za simu.