Upole Gani Huo wa Waholanzi?

Wanachama wenzangu, juzi kwenye mjadala mmoja wetu alidai eti Waholanzi walikuwa wapole kule Aceh kwa sababu hawakukataza watu kuswali. Nakataa katakata!

Enzi za Sultani Iskandar Thani (1636-1641), mwanazuoni Nuruddin ar-Raniri alikuwa na sauti kubwa ikuluni. Dini haikuishia msikitini. Waholanzi walivamia 1873. Baadaye mshauri wao Snouck Hurgronje, aliyeingia Makka 1885 akijiita Abd al-Ghaffar (hebu fikiria!), aliwafunza hila: swala iacheni, shehe anayegusa utawala mpigeni, machifu wa mila wapendeleeni. Sultani wa mwisho alijisalimisha 1903 baada ya wakeze kutekwa. Halafu akapelekwa uhamishoni.

Ndugu mdai, nakusubiri mjadala ujao.