Arbuni, Nauli na Daftari la Abiria

Kila mwaka, siku chache kabla ya Idi, njia nyingi za Dar es Salaam huelekea bandarini. Kutoka Mbagala, Tandika na Mtoni kwa upande wa Temeke, na kutoka Mwananyamala, Tandale na Bunju kwa upande wa Kinondoni, watu wenye asili ya Unguja na Pemba hufunga mizigo yao kwenda kusherehekea pamoja na jamaa zao. Wengine, ambao kwao ni Mafia, hupanda magari ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Nyamisati, wavuke hadi Kilindoni. Mbali na sikukuu, wapo wanaosafiri mwaka mzima: mfanyabiashara aliyekuja kununua bidhaa Kariakoo, mgonjwa aliyetoka kutibiwa Muhimbili, mzazi aliyeitwa mazikoni. Kwa watu wote hawa chombo cha baharini si anasa. Ndiyo barabara yao.

Barabara hiyo ina masharti yake, na masharti hayo wasafiri wengi hawayajui. Baadhi ya wale wanaoyajua huyatumia kujinufaisha. Leo twapenda kuyazungumzia mambo matatu ambayo huzua ugomvi mwingi kati ya abiria na wenye vyombo: fedha inayolipwa kabla ya safari, haki ya abiria ambaye safari yake haikufanyika, na kanuni za kupanda chomboni. Mambo haya yaonekana madogo, lakini yana uzito wa roho za watu, kama tutakavyoeleza.

Tuanze na malipo ya awali. Watu wa pwani wanalijua neno arbuni tangu enzi za majahazi. Mnunuzi hutoa sehemu ya bei ili muuzaji asimpe mtu mwingine bidhaa ile. Mnunuzi akighairi, arbuni yake hupotea. Amana ni jambo jingine kabisa. Amana ni mali ya aliyeiweka, na aliyepokea ni mtunzaji tu. Mwenyewe akiitaka hana budi kurudishiwa. Ugomvi huzuka pale msafiri anapotoa fedha akidhani anaweka amana, na anayepokea akaihesabu kuwa ni arbuni. Kikundi cha harusi kutoka Tandika kinatanguliza sehemu ya nauli ya watu thelathini. Siku ya harusi ikisogezwa, kikundi kinataka fedha yake na wakala anasema haina marejesho. Kila upande unaapa kwamba una haki, kwa sababu hakuna aliyeandika wala kusoma lolote siku ile fedha ilipobadilisha mikono.

Wenye meli kubwa za kitalii zinazozunguka dunia walikwisha kulitambua jambo hili. Kwao msafiri hutanguliza sehemu ya nauli, na huelezwa siku ya mwisho ya kumaliza deni. Baada ya siku hiyo, kadiri anavyochelewa kughairi ndivyo anavyokatwa fedha nyingi zaidi, hata zikaribiapo siku za kuondoka harudishiwi kitu. Hatusemi kwamba utaratibu huo ni wa huruma. Tunasema kwamba umeandikwa, na mtu anaweza kuusoma kabla ya kutia mkono mfukoni. Msafiri wa Mbagala anastahili walau hadhi hiyo.

Jambo la pili ni haki ya abiria ambaye safari yake haikufanyika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, na hatuna neno la kuulaumu. Bahari haina mzaha, na ni heri kulala gatini kuliko kulala chini ya maji. Lakini kila safari inapozuiwa na hali ya hewa, linabaki swali: nauli ni ya nani? Je, abiria arudishiwe fedha yake taslimu, au apewe haki ya kusafiri siku nyingine? Na kama ni haki ya siku nyingine, idumu kwa muda gani?

Katika meli za kitalii kuna desturi ya kumpa abiria akiba ya kutumia humo melini. Akiba hiyo huonekana kama fedha, lakini si fedha: aghalabu haitoki nje ya meli, na safari ikiisha bila ya kutumiwa hupotea. Haki ya safari nyingine ina tabia hiyo hiyo. Mwenye duka mwenye safari nne kwa mwezi aweza kuridhika nayo. Lakini mama aliyekuwa anakwenda Wete kumzika mzazi wake, akarudishwa nyumbani Mwananyamala na karatasi mkononi, hawezi kuila karatasi hiyo wala kulipia nauli ya daladala. Kwa rai yetu, chombo kinapokosa kuondoka, uchaguzi uwe wa abiria wala usiwe wa kampuni. Abiria ndiye aliyetimiza sehemu yake ya mkataba. Amelipa, amefika kwa wakati, na hakughairi.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kanuni za kupanda. Wengi huziona kama usumbufu. Mtu akiombwa kitambulisho hununa. Akiambiwa tiketi yake ina jina la mwingine hudai kwamba amelipa. Akikuta lango limefungwa humtukana karani. Machi 2024 abiria wanane wa meli ya kitalii Norwegian Dawn walichelewa kurudi melini katika kisiwa cha São Tomé. Walinzi wa pwani ya kule waliwapeleka kwa chombo hadi ilipokuwa meli, lakini hawakupandishwa, ikawabidi kuifuata nchi kwa nchi. Wapo waliouita uamuzi huo ukatili. Lakini lango linalofunguliwa kwa mmoja aliyechelewa halina sababu ya kufungwa kwa wa mia, na hapo ndipo hesabu ya abiria inapovurugika.

Hesabu hiyo ndiyo kiini cha tahariri hii. Wahenga wa biashara walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi yetu imejifunza kwa machozi kwamba watu nao hupotea hivyo hivyo.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio waliokuwa wanyonge zaidi, hawakuwa na orodha ya majina. Mamia walikufa, na hesabu yao kamili imebaki kuwa ya kubishaniwa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Meli hiyo ilisajiliwa kuchukua abiria mia sita na ushei. Siku za mwanzo ilidhaniwa kwamba waliokuwamo ni kama mia nane. Baadaye Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais wa Zanzibar ikaeleza kwamba walizidi 2,000. Maiti zilizopatikana zilikuwa kama mia mbili. Tofauti iliyobaki si tarakimu. Ni baba, mama na watoto ambao kuwapo kwao melini ilibidi kuthibitishwe na jamaa zao, kwa kuwa hakukuwa na karatasi ya kuwashuhudia.

Hata mwaka haukutimia. Julai 18, 2012, MV Skagit, iliyoondoka hapa Dar es Salaam ikiwa na watu wanaokaribia 300, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe wakati pepo za kusi zikivuma kwa nguvu. Karibu nusu yao hawakunusurika. Siku chache baadaye Waziri aliyehusika Zanzibar alijiuzulu. Na Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka jirani na kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo.

Wenzetu wa nje nao walifundishwa na misiba. Machi 1987 meli Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, na watu 193 wakafa. Ilionekana wazi kwamba hakukuwa na hesabu ya kuaminika ya waliopanda. Mwaka 1998 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba kila mtu ahesabiwe kabla ya meli ya abiria kuondoka, na kwa safari inayozidi maili 20 za baharini majina yaandikwe, pamoja na ya watoto wachanga. Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Unguja ni kiasi cha maili 40 za baharini. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha wenzetu, hakuna roho inayostahili kuvuka mkondo huu bila ya jina lake kubaki nchi kavu.

Hapa ndipo tunapofika kwa adui mkubwa wa daftari hilo, naye ni mlanguzi wa tiketi. Mlanguzi hununua tiketi kwa majina ya watu wasiosafiri, kisha huziuza kwa bei ya juu siku ambazo dirisha limefungwa kwa kujaa. Msafiri anayenunua kwake huona kwamba amepata msaada. Kwa hakika amenunua kifo kisicho na jina. Chombo kikipata ajali, daftari litasema kwamba aliyezama ni mtu ambaye yuko hai anauza tiketi nyingine, na yule aliyezama hakupata kusafiri. Mjane wake atakwenda kudai fidia kwa ushahidi gani? Mwaka 1983 nchi hii iliendesha vita dhidi ya walanguzi wa sukari, sabuni na vitenge. Ulanguzi wa tiketi ni mbaya zaidi, kwani mwenye kukosa sukari hunywa chai kavu, lakini aliyepotea bila jina hana wa kumrudisha.

Tunatambua kwamba vyombo vya usimamizi vipo. Tanzania Bara ina Wakala wa Meli Tanzania, TASAC, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Zanzibar ina Mamlaka ya Usafiri Baharini iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Lakini abiria anayetoka Temeke kwenda Mkoani anapita chini ya mikono yote miwili, na haki yake haifai kubadilika katikati ya bahari. Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa pande zote mbili za Muungano wayatazame mambo haya kwa pamoja.

Kwanza, masharti ya malipo ya awali, ya kughairi na ya safari iliyovunjika yachapwe kwenye tiketi yenyewe, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, na yabandikwe kila dirisha. Sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Haistahili tiketi iwe na lugha ngumu kuliko mahakama.

Pili, anayepokea fedha kabla ya safari atoe stakabadhi inayotaja wazi kama fedha hiyo ina marejesho au haina. Isiyotajwa ihesabiwe kuwa ni amana, na irudishwe.

Tatu, safari ikivunjwa na upepo au na ubovu wa chombo, abiria achague mwenyewe kati ya fedha yake na safari nyingine.

Nne, jina la kwenye tiketi lilinganishwe na kitambulisho langoni kila siku, hata siku ya Idi, na hasa siku ya Idi. Watoto wachanga waandikwe hata kama hawalipi nauli. Nakala ya orodha ibaki bandarini kabla ya kamba kufunguliwa.

Tano, wenye vyombo wafungue madirisha halali ya tiketi karibu na wananchi wanakoishi: Mbagala, Temeke, Magomeni, Tegeta. Mtu anayelazimika kupanda magari mawili kufika bandarini ili akute tiketi zimekwisha ndiye anayeangukia mikononi mwa mlanguzi. Wapo wanaonunua kwa simu, lakini wazee wengi bado wanahitaji dirisha na karani wa kuwaeleza.

Na kwenu ndugu zetu wa visiwani, mnaokaa huku na mnaokuja kwa haja zenu, tunayo ya kuwaambia pia. Dai stakabadhi. Soma kabla ya kulipa, na usiyejua kusoma umwombe mwenzio akusomee. Usikubali tiketi ya jina lisilo lako, hata kama msiba unakusubiri ng'ambo. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka; na nahodha akisema bahari imechafuka, usimshinikize. Wanaovuka kwa pantoni pale Magogoni wanajua kwamba lango likifungwa, kilichobaki ni kusubiri zamu ijayo. Kusubiri hakujamwua mtu.

Kwa maofisa wa Serikali tunasema kwamba kanuni nyingi kati ya hizi hazihitaji fedha za bajeti wala mkopo kutoka nje. Zinahitaji karani mwenye kalamu, mlinda lango asiyepokea rushwa, na mkubwa wa kazi atakayefika gatini alfajiri bila ya kutoa taarifa. Tume zimekwisha kukaa, ripoti zimekwisha kuandikwa, na makaburi ya pamoja yamekwisha kuchimbwa. Idi nyingine inakuja, na watu watafunga mizigo. Tunataka kila atakayepanda chomboni awe na jina lake daftarini, na kila aliyelipa ajue fedha yake ni arbuni au ni amana.