Okidi Isiyochanua Yataka Ubaridi wa Usiku

Yapo mazoea yaliyoingia katika nyumba zetu za mijini ambayo nayaona hayastahili kunyamaziwa, nayo ni ya kununua okidi ikiwa imesheheni maua, kuiweka sebuleni isifiwe na wageni, kisha, maua yakishapukutika baada ya miezi miwili au mitatu, kuimwagilia mwaka mzima pasipo kuona dalili ya ua, na hatimaye kuitupa jaani kwa hoja kwamba imekuwa tasa. Kuitupa hivyo ni dhuluma, kwa kuwa mmea huo una umri wa miaka mingi mbele yake na waweza kuchanua kila mwaka, maadamu umepewa mambo mawili ambayo maumbile yake yanayadai: mwanga wa kutosha mchana, na ubaridi usiku.

Okidi iuzwayo aghalabu madukani ni ile ambayo wataalamu huiita Phalaenopsis, yenye asili ya misitu ya Ufilipino, Indonesia na nchi jirani, ambako haioti ardhini bali hushika magome ya miti, mizizi yake ikiwa wazi kwa upepo, ikilowa na kukauka, ikilowa na kukauka. Wakulima wanaoikuza kwa biashara wanaijua tabia yake barabara: wakitaka isichanue upesi huiweka katika joto la nyuzi 28 au zaidi, nayo hutoa majani tu, wakitaka maua huishusha hadi nyuzi 25 au chini yake kwa majuma kadhaa, na hapo ndipo kikonyo cha maua huchomoza.

Kwa hiyo mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam asiilaumu okidi yake wakati wa kaskazi, ambapo hata usiku wa manane joto halipungui sana. Bali angoje kipupwe, kati ya Juni na Agosti, kusi inapovuma, aisogeze karibu na dirisha lililo wazi usiku. Nairobi na Lushoto ubaridi si haba. Huko kinachokosekana katika miezi hiyo ya mawingu ni mwanga. Jani la kijani kizito, ambalo wengi hulidhania kuwa ndiyo siha yenyewe, ni ushahidi kwamba mmea uko gizani. Jani linalotakiwa ni la kijani cha nyasi changa, lililopata nuru ya asubuhi bila kuunguzwa na jua la adhuhuri.

Ama maji, hayo ndiyo tunayoizidishia kwa mapenzi yasiyo na maarifa. Mizizi iliyokauka huwa na weupe wa fedha, na ikilowa hugeuka kijani. Basi mtu na autazame mzizi kwanza kabla ya kushika kopo. Wala si sisi wa kwanza kukosea hapa, kwani mwanzoni mwa karne ya 19 matajiri wa Uingereza, wakidhani kila mmea wa nchi za joto wataka joto tupu, walizifungia okidi katika nyumba za vioo zenye mvuke mzito, zikafa kwa wingi, hata Joseph Paxton, mtunza bustani wa Duke wa Devonshire huko Chatsworth, alipopunguza joto na kuruhusu hewa ipite, zikastawi.

Kikonyo huchomoza ubavuni, chini ya jani, na wengi hukidhania mzizi. Mzizi una ncha ya mviringo iliyo laini. Kikonyo kina ncha bapa kidogo, yenye kigamba, nacho hupanda juu kuelekea mwanga. Kikishaonekana, chungu kisigeuzwe-geuzwe, wala kisiwekwe karibu na ndizi zinazoiva, kwa kuwa hewa itokayo katika matunda mabivu huangusha vitumba kabla havijafunguka. Na maua yakiisha, kikonyo kikiwa bado kibichi, kikatwe kwa kisu safi juu kidogo ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, kwani huenda kikatoa tawi jipya lenye maua.

Haya yote muuza maua aweza kumweleza mnunuzi muda ule ule anaofunga karatasi ya zawadi, nami naona ni haki ya mnunuzi kuelezwa, naye akinyimwa maelezo hayo, ayadai kabla hajalipa.